Madamu na Mawe ya Chini

Ukimpelekea wageni, kitu cha kwanza aliwakataza kutazama ziwa. Mgeni katoka Dar es Salaam, kakaa barabarani mpaka kiuno kimekufa ganzi, anashuka kwenye gari langu, noa, pale Bweri nje kidogo ya Musoma, anaona maji yanang'aa kule chini nyuma ya mabati ya mji, anatoa simu apige picha. Madamu anamgusa bega. "Ziwa lipo, halikimbii. Geuka huku kwanza." Na huku alikokuwa akionyesha kulikuwa na mawe tu, mawe juu ya mawe, mengine makubwa kuliko nyumba, na nyumba zenyewe zimejibanza katikati yake. Wageni wengi walikunja uso. Walikuwa wamekuja kuona maji na wanyama, sasa wanaonyeshwa mawe na bibi mwenye kofia ya ukindu na raba nyeupe.

Mimi nilikuwa dereva wake. Kabla ya hapo alinifundisha jiografia huko Nyegina, na ya nyuma zaidi juu yake siyajui wala sikuyauliza. Kwetu Mara mtu hajamaliza kukusalimia anataka kujua wewe ni Mjita, Mzanaki, Mkurya au Mjaluo. Yeye swali hilo alilijibu vilevile miaka yote: "Mimi ni wa Mkoa wa Mara, ishia hapo." Wanafunzi walimwita Madamu, wauza samaki walimwita Madamu, padri alimwita Madamu. Wanasema hata marehemu mume wake alimwita hivyo, tena mezani.

Alipostaafu hakukubali kukaa. Nyumba za wageni za mjini zikawa zinamtafuta akipatikana mtu anayetaka kuzungushwa mkoani, na yeye ananipigia mimi niliyekuwa naishi Nyasho na gari langu. Ukimwita mtembeza watalii alinuna siku nzima. "Mimi sitembezi watu," alisema. "Mimi nafundisha, wao ndio wanatembea." Alivaa filimbi shingoni na aliipuliza kweli, hata kwa mzungu mzima mwenye mvi, akichelewa kurudi garini.

Wageni huuliza hapa kuna nini. Ndivyo walivyozoea. Hapa kuna nini cha kuona, kuna nini cha kula, kuna nini cha kununua. Madamu alikuwa na jibu lake. "Usiniulize hapa kuna nini. Niulize hapa kinaondoka nini." Mara ya kwanza kumsikia nilidhani ni mbwembwe za mwalimu. Baada ya safari nyingi nikaanza kuliogopa swali hilo, kwa sababu kila tulikokwenda lilikuwa na jibu.

Tukienda mwaloni, mahali samaki wanaposhushwa, wageni wanasogelea sangara wakubwa wapigwe nao picha. Yeye anawapeleka pembeni, kwa mtu mwenye kisu anayepasua tumbo na kutoa bondo, ule mfuko wa hewa wa samaki ambao wanunuzi wanaugombea kuliko nyama yenyewe. "Mnaona? Wamekuja kumchukua samaki kutoka ndani," anasema. Halafu anawauliza wavuvi wazee majina ya samaki waliokuwa wanaliwa zamani, ningu, gogogo, furu wa kila rangi, na wazee wanayataja polepole, kila jina wanafikiria kwanza. Wageni walikuwa wanachoka na harufu. Mimi nilikuwa nachoka na ule ukimya kati ya jina na jina.

Na huyo huyo aliyelijua ziwa hivyo hakuwahi kupanda mtumbwi. Kamwe. Wageni wakivuka kwenda visiwani yeye alibaki ufukweni ameshika viatu vyao, amekaa juu ya debe, uso mgumu. Nilimtania siku moja. "Madamu, umelifundisha ziwa maisha yako yote, kumbe unaliogopa?"

"Ndiyo maana naliogopa, mura," alisema. Mura ni kijana, na kwake niliendelea kuwa kijana hata niliposomesha watoto wangu.

Bunda aliipenda kwa ubishi wake. Alisema pale ndipo nyasi na jembe vinapogombana uso kwa uso. Ng'ambo ya mji, karibu na geti la Ndabaka, mgeni ana haraka ya kuingia hifadhini akaone simba, lakini Madamu alikuwa hamruhusu kabla hajazungumza na mkulima mmoja aliyelima upande wa huku. Mkulima yule alikuwa na shamba la mtama na kibanda kilichosimama juu ya miti, cha kulindia tembo. Alitusimulia jinsi walivyokuja safari ya mwisho, kundi zima, wakala, wakakanyaga, wakaondoka bila kelele.

"Hata mbwa hakubweka?" mgeni akauliza.

"Mbwa anajua," alisema mkulima. "Tembo wakijaga kweli, mbwa analala chini ya kitanda."

Madamu alikipenda kisa hicho mno. Alikuwa anakirudia njia nzima ya kurudi, akipita kuonyesha maghala ya zamani ya pamba, na mara nyingine alikuwa anakisema peke yake, bila mgeni. Mbwa anajua. Nikimuuliza amesemaje, anasema hajasema kitu.

Butiama alikuwa na adabu nyingine. Kule wageni wanakwenda makumbusho, wanaona viti na mavazi na zawadi za marais, wanasimama kaburini, wanatoka wamenyamaza. Yeye hakuwaongezea maneno. Aliwangoja nje, kisha akawapeleka kuangalia njia ya zamani ya kwenda kisimani. Alitaka wajue nani alichota maji chifu wa zamani wa pale alipokuwa na wageni, nani alisaga, nani alilala na njaa ng'ombe walipokwisha. Historia ya Madamu ilianzia jikoni. Msomi mmoja alimwambia kwamba hayo hayamo kwenye vitabu, akajibiwa kwamba na maji hayakujichota. Kaka yake alikuwa na boma karibu na pale, kwa hiyo tulikuwa tunamalizia huko kwa chai na viazi vitamu, na kaka mtu analalamika kwamba dada yake ni mkaidi, ameng'ang'ania Bweri kana kwamba hana kwao.

Sasa nifike Bweri kwenyewe, maana ndiko roho yangu iliko tangu nianze kuandika haya.

Juu ya kilima chake kulikuwa na jiwe. Yapo mengi, lakini ukisema jiwe, Bweri wanajua unasema lipi. Ni refu kupita nyumba mbili zilizobebana, limekaa juu ya mwamba bapa unaoteremka kuelekea makazi ya watu. Kwa mbali unaliona limetulia lenyewe. Ukisogea ndipo unaona kwamba upande wa mteremko halikuukalia mwamba, limekalia mawe mengine, madogo, moja la ukubwa wa ndoo, jingine la ukubwa wa mbuzi aliyelala, yaliyojipenyeza chini yake na kulizuia lisiserereke. Madamu aliyaita kabari. Watu wengine hawakuyaita chochote.

Chini ya jiwe ndipo ilipokuwa nyumba yake, ya kwanza kabisa, na chini ya nyumba yake zikafuata nyingine, moja baada ya nyingine, kila mwaka mpya na bati jipya. Alijenga na mumewe walipokuwa vijana, na mumewe kazikwa pale pale uani, kaburi la saruji lililofagiliwa kila asubuhi. Kwetu mtu huzikwa nyumbani kwake, na mwenye kaburi uani hahami ovyo. Hata akitaka, miguu inakuwa mizito.

Lile jiwe lilikuwa na mwiko. Ukoo uliokaa pale zamani uliacha neno kwamba lisipigwe nyundo wala lisichomwe moto. Wasiotujua wataona ni neno la ajabu, lakini sisi ndivyo tunavyovunja mawe: unawasha kuni au matairi juu ya mwamba mpaka upate moto, unamwagia maji, linapasuka, halafu wanakaa wanawake na nyundo wanagonga kokoto za kujengea. Nusu ya Musoma imesimama juu ya kokoto za namna hiyo. Wagonga kokoto wa Bweri waliuheshimu mwiko huo kuliko sheria yoyote ya serikali. Nimewaona wakizunguka mbali na mzigo kichwani ili tu wasiliguse kwa bahati mbaya.

Lakini mawe ya juu ya kilima yakaanza kuadimika. Na zile kabari zilikuwa zimelala tu pale, hazihitaji moto, hazihitaji mtaimbo mkubwa, zinatikiswa zinatoka. Jirani yake wa chini, Mama Bhoke, mjane kijana aliyelea watoto wake kwa nyundo, alikuwa anagonga mbele ya mlango wake, na Madamu akamkuta amekalia jiwe analolijua.

"Mama Bhoke, hili umelitoa wapi?"

"Shikamoo Madamu. Nimeliokota tu hapo juu."

"Chini ya jiwe?"

"Jiwe hatuligusagi, Madamu, uliza mtu yeyote. Mungu ananiona. Haya yamelalaga tu hapo, tunayaokotaga."

Hakuwa anadanganya, na ndicho kilichomtesa Madamu. Hakuna mtu Bweri aliyelipiga lile jiwe. Mwiko haukuvunjwa hata siku moja. Walikuwa wanaondoa kilichokuwa kinalizuia na mioyo yao misafi.

Tangu hapo alibadilika. Hakutaka safari za kulala nje. Nikimpigia anauliza tutarudi saa ngapi, na tukirudi hashuki mlangoni kwake, anapanda moja kwa moja kuhesabu mawe yake kwa mkono, akiyagusa. Alikuwa anawafukuza watu kwa filimbi kutoka dirishani. Watoto wakaufanya mchezo, wakawa wanajipitisha makusudi wapulizwe. Akiwa yupo, mawe hayakutoka. Akienda misa Nyegina, akirudi kuna tundu jipya, na udongo wake bado una unyevu.

Alikwenda ofisi inayohusika, nikampeleka mimi. Walimpokea vizuri, wakampa kiti na soda. Wakamweleza kwamba eneo hilo bado halijapimwa, kwa hiyo kwenye ramani hakuna nyumba pale, na pasipo na nyumba hakuna wa kuhamishwa. Alitoka akicheka, kicheko ambacho sikukipenda. "Nimefundisha ramani miaka yote hiyo," alisema garini, "leo nimeambiwa siishi."

Aliyebaki wa kumwendea ni mzee wa jiwe, yaani mzee wa ule ukoo wenye mwiko, ambaye sasa alikaa mbele kidogo ya Nyegina. Na hapa lazima nimseme Madamu, kwa sababu alikuwa mtu wa rozari, darasani alitucheka tukitaja mizimu, na mtoto aliyekuja shule na hirizi alimpeleka kwa padri mwenyewe. Huyo huyo akaniambia nimtafutie beberu. Tukampakia kwenye noa, akakojolea kiti cha nyuma, harufu yake nilikaa nayo mpaka wageni wakawa wanaulizana. "Padri asijue," alinionya. Padri alijua kabla hatujafika, maana njia ya kwenda kwa mzee inapita mbele ya misheni na beberu hakunyamaza.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Madamu alimwomba kitu kimoja tu, aseme mbele ya watu kwamba mwiko wa jiwe ni pamoja na mawe ya chini yake.

"Madamu, nimekuelewa," alisema mzee. "Lakini baba yangu aliniachia maneno. Lisipigwe, lisichomwe. Ya chini hakuyataja."

"Basi yataje wewe."

"Nikiongeza la kwangu, watajua kumbe maneno yanaongezwa. Watayaacha hata ya baba. Si bora hilo moja walilonalo walishike?"

  Tulimwachia beberu wake tukaondoka.

Niliwahi kumwambia ahame. Nilimwambia zaidi ya mara moja, tena kwa hasira, maana nilimpenda na niliogopa. Alisema kaburi. Nikamwambia marehemu angekuwa wa kwanza kukimbia. Akacheka kidogo, kisha akaniuliza kama nimewahi kuongea na Mama Bhoke juu ya kuhama. Nikateremka nikamuuliza siku hiyo hiyo. Aliniangalia kama mtu anayeulizwa jambo la kipuuzi.

"Baba, mimi mawe siyajui, nayagongaga tu. Madamu ndiye ameyasomea, na yeye analala juu yangu, karibu na jiwe kuliko wote. Siku akihama yeye, na mimi nitabeba watoto."

Nyumba zote za pale zilisema hivyo, kwa maneno tofauti. Walikuwa wanampima Madamu kama watu wa pwani ya ziwa wanavyopima wingu. Taa yake ikiwaka, wanalala.

Halafu ikaja mvua ya vuli, siyo kubwa, ya siku mbili tatu. Asubuhi yake akanipigia. "Mura, njoo." Hakuna salamu. Nilimkuta amesimama kwenye mwamba bapa, raba zake zimejaa matope. Mawe yetu yakikaa juani yanakuwa ya kijivu cheusi, yana madoa ya kijani na ya rangi ya chungwa, uzee wa miaka na miaka. Chini kabisa ya jiwe, pale linapokutana na mwamba, upande wa juu wa mteremko, kulikuwa na ukanda wa mwamba mweupe, msafi, mweupe kama muhogo uliomenywa. Upana wa vidole tu.

"Hapa hapajawahi kuona jua," alisema.

Alikuwa ananong'ona. Mwanamke aliyezoea kusikika uwanja mzima wa shule, ananong'ona mbele ya jiwe. Kwa mara ya kwanza nikatazama mabati yale ya chini nikaona ni mengi mno. Kutoka nyumba moja redio ilikuwa inaimba kwaya.

Pale pale akaamua. Atahama. Alilifikiria kama somo: kama wanakaa kwa sababu yeye anakaa, basi akiondoka wataondoka. Akakataa kuhama kimya kimya. Alitaka Jumamosi, mchana kweupe, gari liegeshwe katikati ya njia na nipige honi. Alitaka kila mtu aone kitanda kinatoka.

Waliona. Walikuja wote kusaidia. Mama Bhoke alibeba godoro kichwani, wanaume wakabeba kabati, mtu akaleta kuku wa safari. Madamu akasimama kwenye mlango wa noa akawaambia kwa sauti yake ya darasani, wala hakuzungusha maneno. "Nahama kwa sababu jiwe limesogea. Nimeliona kwa macho yangu. Kabla ya masika, na ninyi hameni. Nimesema."

Wakapiga makofi. Wanawake wengine walilia. Mzee mmoja akatoa shukrani kwa niaba ya mtaa, akasema Madamu amefanya kazi kubwa ya elimu, sasa umri umekwenda, ni haki yake kupumzika kwa ndugu zake Butiama, na kaburi la marehemu watalifagia wao. Madamu alinigeukia. Macho yake yalikuwa yananiomba niseme kitu. Nilisema, na mimi nikapigiwa makofi. Tulipoondoka watoto walikimbia nyuma ya gari mpaka barabara kubwa.

Mara yangu ya karibuni kukaa naye kwa mazungumzo ilikuwa Butiama, masika yakiwa mlangoni. Nilikuwa na wageni wawili, mtu na mkewe kutoka Arusha, nikawaacha makumbusho na mwongozaji wao, nikaenda kwa kaka yake. Alikuwa amekaa barazani, hana kofia, hana raba, amepungua. Kaka yake alikuwa kando anamenya viazi. Nilimpa shikamoo yangu, na kabla hajaitikia vizuri akauliza:

"Mvua imefika wapi?"

"Jana ilinyesha Kirumi. Leo kuna wingu ziwani."

"Nani amehama?"

Nikainama nikajifanya natafuta kitu kiatuni.

"Mura, nimekuuliza."

"Hakuna, Madamu."

"Mama Bhoke je? Si alikuambia akihama Madamu anabeba watoto?"

Hapo kaka yake aliacha kumenya. Nilijua kwa nini, kwa hiyo nikasema mwenyewe. "Mama Bhoke amehamia kwako. Nyumba yake inavuja, yako ina sakafu na dari. Alipiga simu huku kuomba."

"Aliniomba mimi," kaka mtu akasema. "Nyumba isikae bure, dada. Nyumba ikikaa bila mtu inakufa. Nilijua ungekataa."

Madamu hakumtazama. "Na mawe?"

 Nilikuwa nimepita pale siku iliyotangulia kumshusha abiria, nikaona rundo kando ya njia likingoja lori, na katikati ya rundo mawe ya duara, yenye upande mmoja mkavu usio na madoa. "Siku hizi wanachukua mchana," nilimwambia. "Zamani walikuwa wanangoja uende misa."

 Kuku walipita, kaka yake akaingia ndani na viazi vyake. Madamu alipoongea hakuwa na hasira, na mimi ningependa angekuwa nayo. "Kwa hiyo nilikuwa nalinda na nilikuwa nadanganya, vyote kwa wakati mmoja," alisema. "Nikikaa, wanaamini ni salama. Nikiondoka, wanamaliza kuyatoa." Akanyanyuka. "Ukimaliza na hao wageni wako unipitie. Nitakuwa nimefunga mzigo."

"Madamu, usirudi pale. Nakuomba."

"Sasa nimtume nani?"



Alikaa kiti cha mbele. Wageni walikuwa wamesikia habari zake mjini, wakafurahi, wakamuuliza hiki ni kilima gani, ile migodi midogo ya dhahabu iko upande gani, watu hapa wanaishi kwa nini hasa, kwa kulima au kwa ng'ombe. Kwa kawaida ungemzima kwa tabu. Siku hiyo alijibu neno moja moja, macho kwenye kioo, mpaka nao wakaacha. Tulipopita Makutano wingu lilikuwa limeshuka na upande wa ziwa hakuna mji unaoonekana, ni weusi tu. Niliwashusha wageni nyumba yao ya kulala, nikageuza kwenda Bweri kwa mwendo wa mtu asiyetaka kufika.

Jiwe lilikuwa pale. Ule ukanda mweupe ulikuwa umepanuka, ulionekana kwa ubavuni tangu barabarani, sasa bila kutafuta. Uani nguo za watoto zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba ya Madamu, na kaburi lilikuwa limefagiliwa, kweli kama walivyoahidi. Mama Bhoke alisikia gari akatoka mbio, akapiga goti kidogo, akampokea begi.

"Shikamoo Madamu!"

"Marahaba mwanangu."

"Umekuja kutuona au umerudi kukaa?"

Madamu alitazama juu, akatazama zile nyumba za chini, moshi wa chakula cha jioni ukitoka kila jiko. Nilijua anatafuta jibu ambalo halitawaua. Angesema amekuja kuwatembelea, kesho wangeyamaliza mawe.

"Nimerudi kukaa," alisema.

Mama Bhoke alishika kichwa kwa furaha, akageukia mteremko, akapaza sauti. "Jamani! Madamu karudi! Karudi kukaa!" Milango ikafunguka. Watu wakapanda wakipiga vigelegele, wengine na watoto mgongoni, mmoja na nyundo yake mkononi bado. Mvua ikaanza kudondoka, matone makubwa ya mbalimbali, hakuna aliyejali.

"Afadhali," Mama Bhoke aliniambia, macho yana machozi. "Tangu aondoke nilikuwa nalalaga na viatu miguuni, mimi na watoto wote. Kila nikisikia mvua naamka. Sasa leo nitavivua."

Madamu alimsikia. Akamshika mkono, akamwambia taratibu, mbele ya wote, "Mama Bhoke, usivue viatu."

Uwanja mzima ukacheka. Walikuwa wamemkosa Madamu na utani wake.